Gunia Lenye Matundu Mawili

Waithira alisimama kutubu Jumapili mchana, na kabla mbuzi wa Jumatatu hawajafunguliwa kijiji kizima kilishajua alichokula. Wala si ajabu. Serikali ya Wazungu ilipowatoa watu mashambani mwao huko Gatongora, ikawapanga nyumba kwa nyumba na kuwazungushia handaki lenye vijiti vilivyochongwa, ilidhani inawazuia. Watu iliwazuia kweli, lakini maneno iliyajengea barabara.

Ndugu walikuwa na desturi yao. Ninaposema ndugu nasema wale waliookoka, waliosalimiana kwa Bwana asifiwe hata asubuhi ya matanga. Hawa hawakutubu kwa kunong'ona. Mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake kwa jina, na mahali, na siku, hata kama ni kijiko cha chumvi, kisha wenzake wakamwimbia na kumkumbatia. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Uzuri wake anaujua yule aliyewahi kulala na jambo kifuani miaka miwili. Ubaya wake utauona sasa hivi.

"Ndugu, nimewadanganya," Waithira alisema siku ile, mikono ameishika pamoja. "Mwaka wa hamsini na tatu, mume wangu akiwa kazini Thika, nilikula kiapo. Jirani alinigongea mlango akasema kuna mama anajifungua, twende tukamsaidie. Nikaenda. Hapakuwa na mama wala mtoto. Nililishwa nyama na damu ya mbuzi, nikaapa walivyotaka. Tangu hapo nimekaribia meza ya Bwana na kiapo kiko ndani yangu. Leo nakitoa."

Wakamwimbia. Wanawake wakamshika, wengine wakalia naye, na Waithira akasikia mwili wake umekuwa mwepesi kama mtu aliyetua debe la maji. Alicheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote aliyohesabiwa ameokoka alikuwa ameivaa imani ya mumewe, kubwa mabegani na ndefu miguuni, na leo kwa mara ya kwanza alihisi ana yake.

Mtu mmoja hakuimba. Huyo alikuwa Mburu, mumewe, aliyeketi benchi la mbele. Mburu alijulikana kutoka Ruiru mpaka Thika kwa sikio lake la kushoto, ambalo halikuwepo. Watu wa kiapo, wale waliowalisha wenzao damu ili waungane dhidi ya Wazungu, walimchukua mwanzo wa mwaka ule ule, wakamletea damu katika kibuyu, naye akawaambia amekwisha kunywa damu ya Kristo na ya mbuzi haina nafasi. Wakamkata sikio na kumwacha kwenye kahawa wakidhani amekufa. Sikio lile lilikuwa limehubiri kuliko makasisi wengi. Hakuna mkutano ambao Mburu hakugeuza kichwa watu wapaone palipokatwa, na Waithira alikaa nyuma na wanawake akitazama sakafu.

Lakini kosa la siku ile halikuwa kiapo. Kosa lilikuwa neno moja lililozidi. Angesema "mtu alinigongea mlango," mambo yangeishia kwenye wimbo. Alisema jirani. Ndugu hufundishana kutobakiza kitu, naye hakubakiza, na kwenye benchi la tatu alikuwa ameketi mke wa Gathogo.

Gathogo alikuwa hedimani wa homgadi, mkuu wa askari wenyeji waliolinda kijiji kwa niaba ya serikali.

*

Jumatatu Waithira alikuwa kwenye mizani ya kahawa, shamba la Mzungu ng'ambo ya mto, wakati karani aliposukuma debe lake kwa mguu.

"Halijajaa."

"Limejaa, karani. Angalia linamwagika."

"Nimesema halijajaa. Nenda ukamtafute jirani akujazie."

Wanawake kwenye foleni hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walisogea nyuma hatua moja, wote, wakamwacha amesimama na debe lake kama mwenye ndui. Ndipo Kiilu alipokuja kumwita, askari Mkamba mrefu asiyependa maneno, akamwambia Hedimani anamtaka kambini.

Gathogo akipiga kelele watu walimwogopa, na akiwa mpole waliomjua walimwogopa zaidi. Siku hiyo alikuwa mpole. Alimvutia Waithira kiti mwenyewe. Mezani palikuwa na Biblia aliyoiazima kwa Bedan, mzee wa ushirika wa ndugu, asubuhi ile ile.

"Umekunywa chai, Mama Wanja?"

"Nimekunywa, Hedimani."

"Mke wangu alirudi jana akilia. Nikamuuliza nani amekufa. Akaniambia hakuna, Mama Wanja ametubu. Nikafurahi sana."

"Bwana asifiwe," Waithira alisema, kwa mazoea.

"Asifiwe. Sasa malizia."

"Nimemaliza."

"Ulisema jirani. Jirani ana jina."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila shoka lilipotua Waithira alishtuka.

"Kule juu mashambani mlikuwa na majirani wanawake saba," Gathogo akasema, "na serikali iliwahamisha wote pamoja nanyi. Nawajua kwa majina. Naweza kuwachukua wote saba nikawauliza kwa njia yangu, na njia yangu unaijua. Au unaweza kunipa mmoja. Sita wakalala kwao."

"Anayewapeleka watu kwenye kiapo hunyongwa, Hedimani."

"Hilo ni la jaji. Lako ni kusema kweli." Akaipapasa Biblia kwa vidole viwili. "Ama kwenu kweli ni ya Jumapili peke yake?"

Akamweleza mpango. Alhamisi afisa atakuja kutoka Thika. Watu watapita mmoja mmoja mbele ya kiti. Kwenye kiti atakaa mtu ndani ya gunia lenye matundu mawili ya macho, na akimwona anayemjua atatikisa kichwa mara moja, basi. Hakuna sauti, hakuna uso. Hakuna atakayejua ni nani.

"Na Mburu," akaongeza, akiwa tayari amesimama kumfungulia mlango, "cheti chake cha uaminifu kinakwisha mwisho wa mwezi. Bila cheti hakuna Thika, na bila Thika hakuna kazi. Ni mimi nitakayeandika kama nyumba yake ni safi. Niandike nini? Nisaidie, mama."

*

Jirani mwenyewe alikuwa Waceke, mjane wa watoto wanne, nyumba ya tatu kutoka kwa Waithira.

Na isidhaniwe walikuwa marafiki. Waithira alimchukia Waceke kwa chuki ya kila siku, ile ya kusikia mtu akikohoa ukutani na roho ikageuka. Alikumbuka siku ya kiapo, mkono wa Waceke umemshika kisogo, ukimwinamisha. Ni kweli kwamba watu wale walikuwa wameshatoa kamba, wakisema mke wa yule mwenye sikio moja asihangaishwe, amalizwe, na ni kweli Waceke ndiye aliyesema, "Atakula, mwacheni kwangu," kisha akamnong'oneza, "Kula unyamaze, mama, hujakula hutoki." Kwa hiyo alimwokoa. Lakini ni yeye aliyempeleka pia. Mtu anayekusukuma kisimani kisha akakutupia kamba, utamwita nani? Waithira miaka miwili hakupata jina, akabaki na chuki.

*

Mburu alikuja Jumanne kabla ya kafyu, saa ya watu kufungiwa ndani. Kwa kawaida alilala Thika wiki nzima, kwenye karakana ya Mhindi alikotengeneza madawati, akarudi Jumamosi. Safari hii alikuwa ameitwa. Aliingia, akamwangalia binti yao Wanja aliyekuwa akila, akavua kofia, akakaa bila kusalimia.

"Nimetoka kambini," akasema baadaye. "Nilisimama mlangoni saa nzima. Gathogo ananiona, anakunywa chai, ananiona. Kiilu akanionea huruma akaniletea kisanduku nikikalie. Gathogo akasema, mwache asimame, huyo ni shujaa."

Waithira akampa uji. Hakuupokea.

"Miaka miwili, Mama Wanja. Nimesimama Ruiru, nimesimama Thika, nikasema nyumba yangu haijainamia kiapo. Wewe umekaa nyuma unanisikia."

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Niliwaogopa wao siku ile moja. Wewe nilikuogopa kila siku. Ningekwambiaje? Ulikuwa umeacha sikio lako kule."

Mburu akalishika lile tundu la sikio, kama afanyavyo mtu akiguswa palipouma, akaondoa mkono haraka.

"Mtaje," akasema.

"Atanyongwa."

"Si wewe utakayemnyonga. Kwani ulimtuma akulishe? Mtu huyo ni adui wa Bwana. Ukimficha unafanya ushirika naye."

"Yeye ndiye aliyewazuia wasinifunge kamba."

"Na ndiye aliyekupeleka penye kamba. Unamshukuru?"

"Simshukuru. Namchukia mpaka naona kizunguzungu."

"Basi kuna nini?"

Kila upande aliogeukia Waithira kulikuwa na mtu mwenye haki ya kumwambia mtaje: mumewe, serikali, na mwishowe hata mzee Bedan, aliyepenya kati ya nyumba kafyu ikikaribia, akiwa ameinama kama anayevua viatu, akasema kwa sauti ya huruma halisi:

"Dada, umetoa nusu. Nusu ya toba si toba. Na Hedimani ameniuliza mimi ni kwa nini ushirika wangu unafuga watu wa kiapo. Nina ndugu arobaini, dada. Wakifunga nyumba ya ibada, nitawaweka wapi?"

"Ninyi mmekubaliana?" Waithira akauliza.

"Tumeomba."

"Na Mungu amesema nimtaje?"

Bedan akaangalia kofia yake. Alikuwa mtu mkweli. "Mungu hajasema," akajibu. "Gathogo ndiye aliyesema."

*

Jumatano Waithira alimkuta Waceke kwenye maji. Lango la mtoni lilifunguliwa mchana kwa muda wa saa moja tu, wanawake wote wakishuka kwa pamoja chini ya bunduki, kwa hiyo huwezi kuchagua utakayechota naye. Waceke aliuleta mtungi wake karibu. Alikuwa amekonda shingo.

"Wanasema kesho kuna gunia," akasema bila kumwangalia.

"Nasikia."

"Ni wewe."

Waithira akaendelea kuchota.

"Sikuombi kitu," Waceke akasema. "Sina uso wa kukuomba. Nataka kujua jambo moja tu. Nina dada Thika. Watoto niwapeleke kwake leo, au ningoje?"

"Huna pasi ya kusafiria. Hamtafika hata barabarani."

"Sina," Waceke akakubali. "Nilikuwa nauliza tu."

Akajitwika mtungi akapanda. Waithira alibaki pale mpaka askari akamwambia yeye ndiye wa mwisho, atoke. Alijaribu kuomba. Jumapili maombi yalimtoka kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Leo alikamua hakuna. Akasema Bwana, na neno likaanguka papo hapo miguuni pake. Basi, akawaza, kumbe ile ilikuwa wimbo tu. Kumbe ni wanawake kunishika mabega.

Jioni akamwambia Mburu, "Nitamtaja."

Mburu akafumba macho. "Asante," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akaupokea ule uji aliokuwa akiukataa tangu jana, akaunywa wote. Waithira akamtazama anavyomeza. Hakumlaumu. Mtu aliyepata nguvu siku moja watu hudhani anazo za maisha, na yeye mwenyewe hudhani hivyo hivyo.

*

Gunia lilikuwa la kahawa. Kiilu alimvisha nyuma ya kambi, mahali watu hawaoni, akamwelekeza matundu mpaka yakakaa machoni. Lilimfikia miguuni. "Ukisikia joto, vumilia," akamwambia. "Wengine huanguka." Akamshika mkono kupitia gunia akamwongoza mpaka kwenye kiti.

Afisa alikuwa kijana wa Kizungu mwenye mafua, amekaa chini ya turubai na leso. Gathogo alisimama karibu naye na orodha. Kijiji chote kilikuwa kimekalishwa chini juani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mikono vichwani. Wakaanza kusimamishwa mmoja mmoja.

Waithira hakuwa ametayarishwa kwa nyuso. Hawa walikuwa watu aliochuma nao kahawa, walioazimana moto. Kila mmoja alifika mbele ya kiti, akainua macho kwenye yale matundu, na uso wake ukafanya jambo lile lile: ukaomba. Waliliomba gunia. Mzee mmoja alitabasamu, meno yote, tabasamu la kumpa mbwa mkali. Msichana mmoja alijikojolea akasimama ndani ya maji yake mpaka Gathogo aliposema pita. Akapita Bedan, mzee wa ushirika, midomo ikicheza. Alijua vizuri nani amekaa pale, lakini hata yeye alitetemeka, kwa sababu gunia halina rafiki. Akapita mumewe. Mburu hakuyaangalia matundu. Aliiangalia ardhi, akapita upesi, lile tundu la sikio likiwa upande wake, na Waithira akaona kwamba mtu yule anaona haya.

Jasho likamwingia machoni. Akaomba tena, si kwa imani, kwa kukosa la kufanya. Bwana, nitoe hapa. Hakuna. Bwana, niambie nifanye nini. Hakuna. Palikuwa na pumzi yake mwenyewe tu na harufu ya kahawa. Akangoja ule wepesi wa Jumapili, haukuja, akajua hautakuja, na bado alikuta anaendelea kusema Bwana, Bwana, kama mtoto anayemfuata mama asiyegeuka nyuma. Na ndipo, pale ndani, alipolishangaa jambo moja: hakuna aliyekuwa akimlazimisha kuita. Mumewe hakuwemo mle, ndugu hawakuwemo, wimbo haukuwemo. Kila kitu alichodhani ndiyo imani kilikuwa kimetoka, na kuna kitu hakikuwa kimetoka. Kilikuwa kidogo, kikavu, hakina ladha. Kilikuwa chake.

"Anayefuata," Gathogo akasema.

Alikuwa Waceke.

Hakuomba kama wengine. Alisimama mikono kichwani, akayatazama matundu moja kwa moja, na uso wake ulikuwa umechoka tu, uso wa mwanamke aliyefika mwisho wa foleni. Waithira akamchukia sana. Alihisi shingo yake ikitaka kuinama. Ilikuwa kazi ndogo, ndogo kuliko kuchuma punje moja ya kahawa. Gathogo akaacha kupumua. Afisa akaacha leso yake.

Waithira akawaza: Jumapili nilisimama na uso wangu nikasema langu. Leo sina uso na ninaambiwa niseme la mwenzangu. Hii si toba ile. Hii hata si jamaa yake.

Akashika ukingo wa gunia akalivuta. Lilikwama kwenye kitambaa cha kichwa, akavuta pamoja na kitambaa, akatoka kichwa wazi mbele ya wanaume, nywele zimelowa.

"Bwana asifiwe," akasema. Sauti ilikwaruza. "Ni mimi, Waithira wa Mburu. Nilikula kiapo, nilishatubu, mwataka nitubu tena nitatubu. Dhambi yangu naijua nikaitoa. Ya mtu mwingine sikupewa niitoe. Na sitamwangalia mtu kutoka ndani ya gunia."

Afisa akamwuliza Gathogo, "Huyu mama iko sema nini?"

"Amechanganyikiwa na jua, Bwana." Gathogo alikuwa ametabasamu, na upole wake wote ulikuwa umerudi. "Mburu. Njoo umvishe mkeo gunia lake. Wewe ni mtu wa serikali, wewe cheti chako nimeshakiandika, kiko hapa mezani. Mvishe tuendelee."

Mburu akasimama kutoka kwenye wanaume. Akaja, akaliokota gunia, akalikung'uta vumbi kwa uangalifu kama shati la kanisani. Waithira akamwona anakuja nalo. Hakujua atafanya nini, na alijua kwamba Mburu mwenyewe hajui.

"Baba Wanja," akasema polepole, "ukinivisha nitalivua."

Mburu alisimama mbele yake. Kisha akageuka akawatazama watu, na kwa mara ya kwanza tangu akatwe, hakugeuza kichwa wapaone palipokatwa.

"Bwana asifiwe, ndugu," akasema. "Mimi ni mwenye dhambi. Mke wangu alinitubia, sikumsamehe, kwa sababu aliniharibia sifa. Nikamwambia ataje mtu anyongwe, nipate cheti niende Thika. Nilikuwa nawahubiria sikio. Nisameheni. Nisamehe, Mama Wanja."

Akalikunja gunia, mara mbili, akaliweka mezani juu ya kile cheti.

*

Afisa hakutaka maneno mengi, alikuwa na kijiji kingine mchana. Aliandika majina mawili, la mke na la mume. Waceke alikuwa amekwisha kupita, na Gathogo, ambaye alikuwa na shaka yake lakini hakuwa na kichwa kilichotikiswa wala jina la kumwandikia afisa, akabaki na wanawake wake saba na kalamu. "Mtarudi," akawaambia, "wote." Ilikuwa kweli, wote walijua ni kweli. Hakuna aliyeokoka siku ile kwa maana ya kutoka nje ya handaki.

Lori lenye wavu, la kuchukua waliokamatwa, likarudishwa nyuma mpaka kwenye lango. Bedan alikuja akasimama mahali pa karibu alipothubutu, akalia waziwazi, lakini alikuwa na ndugu arobaini na hakusema kitu. Ndipo Waithira alipomkumbuka mtoto.

"Wanja," akaita. "Wanja yuko wapi?"

Mtoto alikuwa amesimama kwenye kundi la wanawake, na hakuna aliyemshika. Usiwalaumu. Kumshika mtoto wa watu wa lori ni kujiandikisha. Kulikuwa na nafasi kumzunguka, ile ile waliyomwachia mama yake kwenye mizani. Waceke akaingia ndani ya nafasi hiyo, mbele ya Gathogo, mbele ya bunduki, akamshika Wanja mkono.

"Huyu atakula kwangu," akasema. Hakusema kwa nguvu, ila alisema watu wakasikia.

Waithira alitazama mkono ule. Aliujua. Alitafuta mwingine wa kumwachia mtoto, akapitisha macho kwa wanawake wote, mmoja mmoja, bila gunia, na kila mmoja aliangalia pembeni. Hapakuwa na mwingine.

"Usimpe viazi vitamu usiku," akasema mwishowe. "Vinamsumbua tumbo."

"Nimesikia, mama."

"Na anaogopa giza."

"Wangu pia wanaogopa. Watalala pamoja."

Kiilu akawapandisha. Aliwafunga pingu moja, mkono wa kulia wa mume na wa kushoto wa mke, akasema kwa kunong'ona kwamba Thika watatenganishwa, wanaume kwao na wanawake kwao, kwa hiyo kama wana la kusema waseme njiani. Lori likatoka langoni, likavuka daraja la mbao juu ya handaki. Kijiji kikafichwa na kahawa.

"Unaogopa?" Mburu akauliza.

"Naogopa."

"Mimi pia. Ile siku ya sikio sikuogopa hata kidogo. Sijui ilikuwa nini." Akamgeukia. "Ndiye yeye, sivyo? Waceke."

Waithira alikuwa akijaribu kumsamehe mwanamke yule. Alikuwa amemkabidhi mtoto wake, alikuwa ametoa maisha yake mwenyewe badala ya yale ya Waceke, na alipochungulia moyoni chuki ilikuwa imekaa pale pale, nzima, haijapungua hata kwa kijiko. Akaomba itoke. Haikutoka. Akaomba tena.

Walipofika barabara kuu ya Thika alikuwa bado anaomba.